Shahada ya Kiunoni Kwenda Juu

Nchi ninayoisimulia inaitwa Subiria. Haimo katika ramani, kwa hiyo usihangaike kuitafuta, na kama unaishi mahali panapofanana nayo, pole, lakini kosa si langu. Mimi nilikuwa karani wa mihtasari katika Chuo Kikuu cha Taifa cha nchi hiyo. Kazi yangu ilikuwa kuandika yaliyosemwa na wakubwa, si kuyafikiria, na kwa miaka kumi na tisa sikuwahi kuzichanganya kazi hizo mbili.

Mwaka ninaousema, uchumi wa Subiria ulilala. Kwingine wangesema umedorora, lakini Serikali yetu ilikwisha kulipiga marufuku neno hilo. Ilieleza redioni kwamba uchumi ulikuwa umechoka kwa kukua mbio mbio, na sasa umejilaza kidogo. Raia waliombwa wasipige kelele. Wanunuzi wa katani yetu wa ng'ambo wakaacha kununua, viwanda vikafungwa kimoja baada ya kingine, na vilipokwisha viwanda vya kufunga, zamu ikafika Chuoni.

Walianza na idara ndogo. Falsafa ikaunganishwa na Ufugaji wa Kuku, kwa hoja kwamba zote mbili zinahangaika na swali la nani alitangulia, kuku au yai. Historia ikaamriwa iishie siku ya uhuru, maana waliofanya yaliyofuata wako hai bado na wenye haja wakawaulize wenyewe. Hapo kila mtu Chuoni akaanza kutembea upesi upesi akiwa na karatasi mkononi, ili asionekane hana kazi. Hata mimi nilitembea.

Kisha likaja suala la Kitivo cha Tiba, kilichokuwa kinakula kuliko vitivo vyote. Waziri wa Elimu ya Juu, Mheshimiwa Kasmiri Bungara, alikuja mwenyewe kwenye Baraza la Chuo. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye sauti ya kubembeleza. Hotuba yake ninayo mpaka leo, neno kwa neno.

"Ndugu zangu," alisema, "mimi ni Waziri wa Elimu ya Juu. Sikuapishwa kuwa Waziri wa Elimu ya Chini. Sasa, mwili wa binadamu una juu na una chini. Tufundishe ya juu, ambayo ndiyo yetu kisheria. Ya chini tutaifundisha uchumi utakapoamka."

Niliandika: makofi.

Hivyo masomo ya udaktari yakapunguzwa kutoka miaka mitano hadi minne, na mwili ukapunguzwa kwa nusu. Ikaundwa Kamati ya Kutafuta Kiuno, ikakaa wiki tatu bila kuelewana, kwa sababu kila mjumbe alifunga mkanda wake mahali tofauti na Waziri aliufunga chini kabisa ya tumbo. Mwishowe waliafikiana kwamba mpaka ni kitovu, na kitovu chenyewe ni mali ya juu. Wahitimu wangeitwa Madaktari wa Kiunoni Kwenda Juu. Baadaye, uchumi ukiamka, wangedahiliwa Madaktari wa Kiunoni Kwenda Chini, nao wangefanya kazi wawili wawili kama maksai wa jembe.

Mtu mmoja tu ndiye aliyeuliza swali siku ile. Alikuwa Profesa Mwatumu Kilindo, mwalimu wa anatomia, mwanamke mfupi wa miaka sitini na kitu, aliyekuwa anavaa saa mbili kwa sababu hakuiamini hata moja. Alitaka kujua moyo utafundishwaje, maana moyo unapeleka damu mpaka unyayoni. Je, damu ikifika kitovuni amwambie mwanafunzi kwamba inageuka? Waziri alimshukuru kwa swali zuri, akasema kwamba damu ikishavuka mpaka ni suala la Wizara ya Uchukuzi.

Wiki iliyofuata fundi wa Chuo aliletwa na msumeno, akaikata mifupa ya plastiki ya kufundishia hapo hapo kwenye mpaka. Nusu ya juu ikabaki darasani ikining'inia kwenye ndoano, nusu ya chini ikapelekwa stoo. Profesa Kilindo aliandika barua akieleza kwamba stoo inavuja na mali ya umma itaharibika, akaomba aihifadhi miguu ile nyumbani kwake. Ombi lilikubaliwa, kwa kuwa liliandikwa vizuri. Aliifunga kwa kanga, akapanda nayo bodaboda mchana kweupe. Dereva alipouliza kama abiria huyo wa pili ni mgonjwa au marehemu, Profesa alimjibu kwamba ni mwenzake wa kazini.

Nyumba yangu na yake zilitenganishwa na ua wa michongoma tu, kwa hiyo nililijua lililofuata. Kila Jumamosi asubuhi wanafunzi saba waliingia kwake, na nikiwa namwagilia mchicha wangu nilisikia majina ya mifupa ya nyonga yakitajwa kwa sauti. Profesa alikuwa anafundisha nusu iliyokatazwa. Sikuripoti. Hapakuwa na fomu ya kuripoti jambo kama hilo.

Miongoni mwa saba hao alikuwamo Sikudhani Mbaruku, binti wa seremala wa kata ya Mgongolwa. Kama baba yake, hakupenda kitu kilichokatwa bila kupimwa. Alikuwa msichana asiyetulia. Goti lake lilichezacheza chini ya meza, vidole vyake vilichambua nyuzi za mkeka, na mwalimu akiuliza swali mkono wake ulikuwa juu kabla swali halijaisha. Baada ya miezi michache wenzake walianza kupungua. Walisema, na walisema kweli, kwamba mtihani hautauliza chochote cha chini ya kitovu na kwamba mtu akijulikana atafukuzwa. Mwisho akabaki yeye peke yake.

Profesa alimwambia wazi kwamba hata yeye anaruhusiwa kuacha. Sikudhani akauliza kama Profesa naye ataacha.

"Mimi sijui kumfundisha mtu nusu, mwanangu," alisema Profesa. "Nimejaribu darasani, na kila nikifika kitovuni ninaona haya."

Somo lililomshinda binti huyo kuliko yote lilikuwa la mtoto anayetanguliza makalio. Profesa alitumia nyonga ya plastiki na mwanasesere wa kitambaa, akamrudisha Sikudhani mwanzo mara nyingi sana, maana mikono yake haikukubali kungoja. Alikuwa anavuta. Kila alipovuta, Profesa alimpiga kidogo kwenye kiganja na kumwambia kwamba ameua. Mtoto wa namna hiyo huachwa ashuke mwenyewe kwa nguvu za mama yake. Mkunga anakaa tayari, mikono mbali, mpaka kisogo kionekane. Jumamosi tano zilipita kabla Sikudhani hajaweza kukaa na mikono yake mapajani bila kuitikisa.

Siku ya mahafali wahitimu walivaa majoho yaliyokatwa kiunoni. Waziri aliwapongeza kwa kuwa nusu ya kwanza ya mafanikio ya Taifa. Picha zilipigwa kuanzia kifuani kwenda juu, na kwenye picha hakuna aliyeonekana kupungukiwa.

Sikudhani alipangiwa kwao Mgongolwa, kwenye kituo cha afya chenye vyumba viwili. Juu ya mlango wake paliandikwa kwa rangi: DAKTARI (JUU). Watu wa Mgongolwa walijifunza kanuni haraka. Mwenye kidonda cha mguu aliingia akilalamika kwamba kichwa kinamuuma kwa sababu ya kukifikiria kidonda, na mwenye ngiri alieleza kwamba amepoteza hamu ya kula. Sikudhani aliandika vichwa na hamu. Kidonda alikuwa anakiosha nesi wa kituo, Bi Havijawa, mama wa makamo asiyekuwa na leseni ya nusu wala leseni nzima, na kwa hiyo hakukatazwa kugusa popote. Sikudhani alisimama kando akimwelekeza kwa macho. Jioni alizunguka uwanja wa kituo mara kumi, mara kumi na tano, kama mtu aliyepoteza ufunguo.

Ilipita hivyo nusu mwaka. Kisha, siku ya soko, saa sita mchana, akaletwa Mwalimu Tabia Chilongani kwenye mkokoteni wa kubebea maji. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mimba ya kwanza, uchungu umemshika tangu alfajiri. Mkunga wa kata alikuwa amepumzishwa na Serikali pamoja na uchumi. Gari la wagonjwa lilikuwa limepumzishwa pia. Lilikuwapo palepale nyuma ya kituo, kuku wametaga kwenye usukani. Hospitali ya wilaya ilikuwa mwendo wa siku nzima. Bi Havijawa alimpima mgonjwa, akatoka nje, akamwambia Sikudhani taratibu kwamba alichokigusa si kichwa, na kwamba mtoto wa namna hiyo yeye hajawahi kumzalisha.

Sikudhani alijua kanuni. Alikuwa ametia saini karatasi iliyosema kwamba akivuka mpaka atafutiwa leseni. Bi Havijawa alinieleza baadaye kwamba binti huyo alisimama mlangoni akijifuta viganja kwenye koti, akatazama barabara kana kwamba mtu mwingine angetokea, halafu akageuka na kwenda kunawa mikono mpaka kwenye viwiko.

Alimsogeza mama ukingoni mwa kitanda. Akamwambia asukume uchungu unapokuja na apumue unapoondoka. Makalio yakatokea, kisha mgongo, kisha miguu ikajikunjua yenyewe. Sikudhani alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono imelala mapajani. Mama alimsihi amvute mtoto. Hata Bi Havijawa, aliyezalisha wengi, alimwambia, "Daktari, vuta, utampoteza." Sikudhani alitikisa kichwa. Goti lake lilikuwa linacheza kama cherehani, lakini mikono haikuondoka. Mabega yakatoka. Kisogo kikaonekana. Ndipo akanyanyuka, akamlaza mtoto juu ya mkono wake, akaweka vidole viwili kwenye mashavu, akakiinamisha kichwa polepole, kikatoka.

Alikuwa wa kike. Alinyamaza kwa muda uliowatosha wote watatu kufikiria mabaya, kisha akalia.

Bi Havijawa, mwenye busara ya kazi ya Serikali, alishauri kwamba kwenye daftari iandikwe kuwa mtoto alizaliwa njiani, juu ya mkokoteni, kabla ya kufika. Wote wangepona. Sikudhani alisema kwamba daftari la wazazi ndilo atakalosoma daktari mwingine mimba ya pili ya mama huyu ikija, na huyo akidanganywa atakosea. Akaandika: ametanguliza makalio, amezalishwa na mimi, mama na mtoto wazima. Akatia saini. Nakala ya daftari ilikwenda wilayani, ikaenda mkoani, na kwa kuwa maofisa wengi walikuwa wamepunguzwa na hapakuwa na mtu wa kuichelewesha, ikafika Wizarani kwa siku nne.

Baraza la Nidhamu la Waganga liliitishwa mji mkuu. Karani wao alikuwa amepumzishwa, nikaazimwa mimi. Ndiyo sababu nilikuwamo ukumbini na kalamu yangu.

Mwenyekiti alikuwa Waziri Bungara mwenyewe, kwa kuwa mwenyekiti halisi naye alikuwa amepumzishwa. Sikudhani alisimama mbele akiwa amevaa joho lake fupi kama kanuni ilivyotaka. Aliulizwa kama ni kweli alivuka kitovu. Akakubali. Akaulizwa nani alimfundisha. Hapo akaanza kusokota kifungo cha joho mpaka kikakatika.

Mlango ukafunguliwa, akaingia Profesa Kilindo na kitabu cha mahudhurio kwapani. Hakuomba huruma. Alilalamika kwamba Baraza linazungumzia mafunzo yake bila kuuliza kumbukumbu, akaviweka mezani vipindi sabini na nane vya Jumamosi, kila kimoja na tarehe, mada na saini. Alitaka viingizwe kwenye ushahidi. Waziri alimwambia kwa upole kwamba tangu dakika ile amepumzishwa. Profesa akauliza kama amepumzishwa mzima au nusu. Wajumbe waliinamiana kunong'ona, wakajibu kwamba ni mzima, naye akashukuru kwa kuona kwamba Serikali bado inajua neno hilo. Niliandika kila kitu. Kalamu ilikuwa inateleza mkononi, nikaifuta mara mbili.

Baada ya chai hukumu ikasomwa. Leseni ya Sikudhani Mbaruku imefutwa. Ama kuhusu tendo lenyewe, Baraza lilikuwa limepata ushauri wa kisheria. Kwa kuwa uzazi ule ulifanywa na mtu asiyekuwa na mamlaka ya eneo husika, uzazi huo ni batili, na jambo batili halikutokea. Kwa hiyo, mbele ya sheria za Subiria, Mwalimu Tabia Chilongani ni mjamzito bado. Ataarifiwa arudi kituoni kujifungua rasmi pindi Daktari wa Kiunoni Kwenda Chini wa kwanza atakapohitimu.

Mwalimu Tabia alikuwa amekaa benchi la nyuma na mtoto mgongoni. Mtoto akaanza kulia. Waziri aliuliza kelele hizo ni za nini. Hakuna aliyejibu, maana kujibu kungekuwa kupinga hukumu. Aliniangalia mimi. Niliandika: kelele, chanzo hakikujulikana.

Mwalimu Tabia alisimama, akanyoosha mkono kama anavyowataka wanafunzi wake wafanye.

"Mheshimiwa, nimeielewa hukumu na ninaikubali," alisema. "Mimi ni mtumishi wa Serikali, na likizo yangu ya uzazi inaanza siku ninapojifungua. Mpaka hapo mganga wa wilaya ameniandikia mapumziko yenye mshahara, kwa kuwa mimba yangu ni ya hatari. Naomba niandikiwe kwamba yanaendelea."

Wajumbe wakainamiana tena, safari hii kwa muda mrefu. Hakukuwa na namna. Alikuwa mjamzito kwa amri yao wenyewe. Mapumziko yakaandikwa, muhuri ukagongwa, na mwalimu huyo akatoka akimbembeleza asiyezaliwa ili anyamaze. Nasikia katika mwezi huo wanawake wengi wa Mgongolwa wenye ajira walikwenda kwa Sikudhani na matumbo yao, wakamsihi awazalishe kwa ubatili.

Naye aliwazalisha. Iligundulika kwamba Kanuni ya Kiuno ilimhusu mwenye leseni tu. Asiyekuwa na leseni alikuwa jirani anayesaidia, na jirani hakuwekewa mpaka. Maandishi ya juu ya mlango yalifutwa. Watu wakaacha kuumwa vichwa kwa ajili ya miguu.

Lakini Sikudhani hakufurahi kama unavyodhani. Alimwandikia Profesa kwamba hapati usingizi. Kwamba watu wanamwita daktari naye hajui kama ni daktari, kwa kuwa waliompa jina hilo ndio waliomnyang'anya, na hawakumpima alipopewa wala aliponyang'anywa. Profesa alimjibu kwa mstari mmoja: njoo tukupime.

Alikuja Jumamosi. Profesa alinipigia kelele juu ya michongoma niende na kalamu, maana mtihani bila kumbukumbu ni mazungumzo. Nilikwenda. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuandika muhtasari bila kuamriwa na mkubwa, nikajikuta naandika pole pole, nikisoma nilichokiandika. Sebuleni nusu ya chini ya mifupa ilikuwa imesimama kwenye kiti. Nusu ya juu ilikuwapo pia. Profesa alikuwa ameiandikia barua kama ile ya kwanza. Zilikuwa zimeunganishwa kwa waya na bandeji.

Maswali yalianza saa mbili asubuhi, tangu mfupa wa paji la uso. Sikudhani alijibu akitembea huku na huko, kwa sababu Profesa alimruhusu kutembea. Walishuka shingo, mapafu, moyo. Walipita kitovuni bila kusimama. Mchana tulikula wali na mchicha wangu, maswali yakiendelea. Nyonga alizijibu kama mtu anayetaja ndugu zake. Saa tisa Profesa alimrudisha kwenye figo, hasa figo ya mjamzito aliyevimba miguu na kuumwa kichwa, na hapo Sikudhani akasita. Akajibu, akajirekebisha, akajibu tena. Profesa alizitazama saa zake zote mbili, akafunga kitabu.

"Hujui," alisema. "Umeanguka hapo. Nenda kasome figo, urudi Jumamosi ijayo tuendelee."

Yapasa nieleze kwamba tangu uchumi ulale, Seneti ya Chuo ilikuwa imepitisha azimio, kwa muhtasari wangu mimi, kwamba hakuna mwanafunzi atakayeanguka tena mtihani, maana anayeanguka hurudia mwaka na anayerudia hula mara mbili. Wote walifaulu. Sikudhani alifaulu masomo yote ya miaka yake minne, yakiwamo mawili ambayo hayakufundishwa.

Alimtazama Profesa. Nilidhani atalia, na kweli machozi yalimtoka, lakini mdomo ulikuwa unacheka. Akakaa chini kwenye mkeka, magoti yametulia kabisa, akaomba karatasi ili aandike majina ya vitabu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu mtu kumnyima kitu kwa sababu hakukijua, si kwa sababu hakipo.

Niliandika: ameanguka swali moja. Kisha nikampa kalamu yangu.